Rafiki, Ugeni na Ushuhuda wa Kuzaliwa

Miongoni mwa siku zote ambazo mwanadamu huziadhimisha, siku ya kuzaliwa ina jambo moja lisilo la kawaida, nalo ni kwamba mwenye sherehe hana kumbukumbu yoyote ya tukio linalosherehekewa. Anaijua siku hiyo kwa kuwa aliambiwa na mama yake, au kwa kuwa cheti kimeandika hivyo. Na wapo wazee Afrika Mashariki walioambiwa tu kwamba walizaliwa mwaka wa njaa au wa mafuriko, kisha karani akawajazia tarehe 1 Januari, wala hawakuona shaka kwamba walizaliwa. Ujuzi wa namna hii huitwa ushuhuda, yaani ujuzi ambao mtu haupati kwa macho yake wala kwa hoja zake, bali kwa kuliamini neno la mwenzake. Kwa hiyo mtu anapoiadhimisha siku hiyo katika mji wa kigeni pamoja na rafiki, mbali na wote waliomwona akizaliwa, ni haki kuuliza ni kitu gani hasa kinachosherehekewa hapo, na rafiki huyo anakishangilia kwa haki gani.

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa tarehe 13 Novemba 354 huko Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, aliutafakari sana ushuhuda wa aina hii, na katika kitabu chake cha Maungamo anakiri kwamba habari za uchanga wake anazijua kwa kuambiwa tu. Alipotimiza miaka 32 alikuwa Italia, katika nyumba ya shamba ya Cassiciacum aliyoazimwa na rafiki yake Verecundus, baada ya kuchoshwa na kazi ya kufundisha balagha, yaani ufundi wa kusema kwa ufasaha na kushawishi, katika mji wa Milano. Siku hiyo chakula cha mchana kilikuwa kidogo kwa makusudi, ili akili zisilemewe, kisha wote wakaenda kuketi katika nyumba ya kuogea, naye akawaambia kwamba katika siku yake ya kuzaliwa ilimpasa kuandaa karamu ya roho pia. Mazungumzo juu ya kile kinachompa mtu heri yaliendelea kwa siku tatu. Mama yake, Monika, alikuwapo, na hivyo shahidi wa kwanza hakukosekana. Lakini wanafunzi wake Licentius na Trygetius hawakuwa na lolote la kushuhudia kuhusu siku ile ya Thagaste, na bado karamu ilikuwa yao pia.

Baadhi ya Wakristo wa kale hawakuziamini sherehe hizi. Origeni wa Aleksandria alisema kwamba katika Maandiko wanaosherehekea siku yao ya kuzaliwa ni waovu, Farao aliyemtundika mwokaji wake, na Herode aliyemkata kichwa Yohane Mbatizaji. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyodhaniwa, kwa maana sherehe zote mbili zilikuwa za mtawala mbele ya watu wake, na Herode aliua kwa sababu aliwaonea haya wageni waliosikia kiapo chake. Mji wa kigeni huwaondoa watazamaji hao, kwa kuwa hakuna anayemjua msafiri wala ukoo wake wala cheo chake. Na ni hasara ya kweli mtu anapoitumia faragha hiyo adimu kupiga picha za kuwaonyesha waliobaki nyumbani, akawarudisha watazamaji wale wale mezani pake.

Wala shukrani kwa ajili ya kuzaliwa haihitaji karamu. Mtume Muhammad alipoulizwa kuhusu funga ya Jumatatu alijibu kwamba ndiyo siku aliyozaliwa. Na ingawa wanazuoni wamegawanyika kuhusu Maulidi, ambayo Lamu huyaadhimisha kwa shangwe kubwa, hadithi hiyo inaonyesha kwamba uhai unaweza kushukuriwa hata kwa njaa.

Haki ya rafiki ya kuishangilia siku hiyo imeelezwa vizuri zaidi na Aristotle, anayesema kwamba kama vile mtu anavyoona kuwapo kwake mwenyewe ni jambo jema, ndivyo anavyoona kuwapo kwa rafiki yake, na kwamba wema huo huonekana katika kuishi pamoja kwa mazungumzo na fikra, si kama ng'ombe wanaolishwa katika malisho mamoja. Ikiwa ndivyo, rafiki hashuhudii kuzaliwa. Anashuhudia kwamba aliyezaliwa yupo na kwamba ni vema yupo, na ushuhuda huo hana haja ya kuambiwa na mtu. Wala kupanda ndege moja na kulala hoteli moja hakutoshi, kwani ng'ombe nao husafirishwa pamoja.

Alypius, rafiki wa Augustino na mzaliwa wa Thagaste vilevile, hatajwi miongoni mwa waliokuwapo katika siku ile ya Novemba. Alikuwapo kwenye jambo kubwa zaidi. Alijiandaa kwa ubatizo kwa kuutiisha mwili kiasi cha kutembea miguu mitupu juu ya ardhi ya Italia yenye barafu, na usiku wa Pasaka wa mwaka 387 wote wawili walibatizwa Milano na Askofu Ambrosi, pamoja na Adeodatus, mwana wa Augustino. Birika lao la pembe nane bado laweza kuonekana chini ya uwanja ulio mbele ya kanisa kuu la mji huo. Ubatizo, katika mafundisho ya Kanisa, ni kuzaliwa mara ya pili, na katika kuzaliwa huku mwenye kuzaliwa anakumbuka, na rafiki yake ni shahidi na ndugu kwa wakati mmoja.

Mwaka huo huo Monika alifariki huko Ostia, Italia, yeye na mwanawe wakingoja meli ya kurudi Afrika, akisema kwamba hakuna mahali palipo mbali na Mungu na kwamba mwili wake uzikwe popote. Pamoja naye iliondoka sauti iliyokuwa na uwezo wa kusimulia siku ile ya mwaka 354 kwa kuikumbuka. Kwa miaka mingi iliyofuata, aliyeweza kusema kwamba ni vema Augustino alizaliwa, na akasema akijua anachokisema, alikuwa Alypius.