Kila Mtu na Kipaji Chake

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, mna habari za fundi mmoja, jina lake Besaleli. Musa alipoamriwa kutengeneza Hema Takatifu, Mungu alimchagua Besaleli, akamjalia akili na ustadi wa kufanya kazi za dhahabu, fedha na shaba, na za kuchonga mawe na miti. Angalieni vema, ndugu wapendwa: Mungu hakumweka Besaleli awe kuhani kama Haruni, wala hakumtuma Haruni kufua shaba. Kila mmoja alipewa kazi kwa kadiri ya kipaji chake, na Hema ikasimama.

Habari hii yawafaa sana watu wa Katanga, nchi ya shaba. Mjini Likasi, mtaani Kikula, matokeo ya Mtihani wa Serikali yatangazwapo, vijana waliofaulu hupakwa poda nyeupe kichwani, na jamaa zao huimba barabarani. Lakini shangwe zikiisha, swali hubaki nyumbani: kijana akaandikishe jina lake kwa masomo gani?

Chukueni mfano wa kijana aliyetoka kijijini, akakaa Kikula kwa mjomba wake. Wazazi wake wameuza mahindi ili apate ada ya chuo. Nyuma ya nyumba amepanda lengalenga na nyanya, na majirani huja kumwuliza habari za mbegu. Mjomba amwambia: «Mwanangu, nenda kwa wahandisi wa migodi. Fedha iko huko.» Kijana ajibu: «Mjomba, nimelisikia neno lako. Lakini hesabu zanishinda tangu zamani. Nataka kusoma kilimo.» Mjomba akasirika: «Je, wazazi wako waliuza mahindi ili urudi kwenye jembe?»

Mjomba huyu si mtu mbaya. Amtakia mtoto mema. Lakini amesahau mambo matatu.

Kwanza, fedha ya migodi si mwamba. Gécamines ililisha jamaa nyingi za Likasi. Hata hivyo, katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa malipo ya mara moja. Malipo yale yalikwisha upesi katika nyumba nyingi, bali ujuzi alio nao mtu hauishi.

Pili, jirani ana njaa. Unga mwingi unaoliwa Katanga hununuliwa Zambia, ingawa udongo uko hapa. Ajifunzaye kuutunza udongo na kuchagua mbegu awapa watu chakula. Hayo ni mapendo ya kweli.

Tatu, gharama yapasa kuhesabiwa mapema. Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara: asipoketi kwanza na kuhesabu, ataacha kazi katikati na kuchekwa. Kwa mpango ulioanza katika vyuo vya Kongo mwaka wa masomo 2021-2022, licence ni miaka 3, na kila mwaka una krediti 60. Aingiaye katika masomo asiyoyaweza hushindwa na kurudia mwaka, na wazazi huuza mahindi mara ya pili.

Wala mtu asidhani kwamba kazi ya shaba ni mbaya. Besaleli alimtumikia Mungu kwa shaba. Kijana aliyejaliwa akili ya hesabu na aende kwa wahandisi bila hofu. Kosa ni kuchagua kwa tamaa, au kwa kuogopa maneno ya watu.

Basi kijana afanyeje? Asimdharau mjomba wake, maana amri ya nne yahusu na wakubwa wanaomlea. Amwonyeshe kwa upole alama zake za shule. Amwombe mwalimu wake wa zamani aje kusema nao. Awaulize walioko chuoni: hufundishwa nini, ada ni kiasi gani, wahitimu hupata kazi gani? Tena asali, ndipo aandike jina lake. Wazazi nao wakumbuke kwamba mtoto ni amana ya Mungu, si gunia la mahindi la kupelekwa penye bei kubwa.

Ninyi wakatekumeni mwalijua jambo hili. Majina ya watakaobatizwa Pasaka huandikwa mwanzoni mwa Kwaresima. Hakuna aandikwaye kwa sababu jirani yake ameandikwa. Kila mmoja huulizwa, naye hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Mkimwacha mtu ajibu hivyo mbele ya Mungu kwa ajili ya wokovu wake, mwacheni na mtoto wenu ajibu hivyo kwa ajili ya kazi yake.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Kwa nini Mungu hakumpa Besaleli kazi ya Haruni?
2. Mjomba alisahau mambo gani matatu?
3. Katika nyumba yako, kila mtoto amejaliwa kipaji gani? Je, umepata kumwuliza?