Elimu na Ruhusa ya Kukaa

Elimu husifiwa kwa kuwa ni mali ambayo mwenye nayo hawezi kunyang'anywa. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini haimtoshi mtu anayetakiwa kuitafuta elimu ili asinyang'anywe mahali pa kuishi. Je, ni haki kwa dola kumwambia mtu, "Soma, ndipo utakapoachwa ukae"? Na elimu iliyotafutwa kwa hofu ni elimu bado, au ni ushuru uliopewa jina jema?

Swali hili halikubuniwa kwa ajili ya mjadala. Tarehe 15 Juni 2012 serikali ya Marekani ilitangaza mpango uitwao DACA. Kwa mpango huo vijana walioingia nchini wakiwa watoto, nao hawana hati za kukaa, waliweza kuahirishiwa kufukuzwa kwa miaka 2 na kupewa kibali cha kufanya kazi. Muda huo uliweza kuhuishwa, lakini haukuwa uraia wala njia ya kuufikia. Mwombaji alipaswa awe aliingia kabla ya kutimiza miaka 16, awe amekaa mfululizo tangu 15 Juni 2007, na awe hajatimiza miaka 31 siku ya tangazo. Tena alipaswa awe yumo masomoni, au amemaliza sekondari, au ana cheti kinacholingana nacho, au ametoka jeshini kwa heshima.

Wenye vyeti walilivuka sharti la elimu pasipo kulihisi. Lilimlemea kijana aliyeacha shule. Kwake mlango uliobaki ulikuwa darasa la watu wazima la kujiandaa kwa mtihani wa GED. Mtihani huo ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya askari ambao vita viliwakatiza masomo. Siku hizi una sehemu 4: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii, alama hutolewa kati ya 100 na 200, na kufaulu ni kupata 145 katika kila sehemu. Hata hivyo mpango haukumtaka mwombaji awe amekwisha kufaulu. Ilitosha awe ameandikishwa katika darasa linalokubalika siku alipopeleka ombi lake. Hapo sheria ilionyesha busara, kwani ilimhesabu msafiri pamoja na aliyefika.

Wanaolitetea sharti hili wana hoja nzito. Husema kwamba kila nchi ina mamlaka ya kuweka masharti, na katika masharti yote hakuna jema kuliko hili. Alipaye fedha hubaki na upungufu. Alipaye kwa kusoma hubaki na nyongeza. Zaidi ya hayo, wako vijana walioacha shule kwa kukata tamaa, wakiona kwamba cheti hakina faida kwa mtu asiyeruhusiwa kuajiriwa. Kwao sharti lilikuwa mwito wa kurudi kwenye daftari. Haifai kuidharau faida hiyo.

Lakini na afikiriwe kijana aliyeacha shule akaenda kuchuma matunda katika mashamba ya California ili wadogo zake wapate kusoma. Jasho lake limenunua elimu ya wengine, na yeye huonekana mtoro. Jioni, mgongo ukiwa umechoka na mtoto wake mwenyewe akilia nyumbani, huambiwa kwamba ajifunze sehemu za hesabu au akose hifadhi. Kazi aliyoifanya haina muhuri, na kisicho na muhuri hakihesabiwi. Mwenzake, ambaye wazazi wake waliweza kumlisha hadi akamaliza masomo, hupita bila taabu. Kinachopimwa hapo kwa jina la bidii aghalabu ni bahati.

Yafaa pia kukumbuka kwamba mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, iliamua kwamba watoto wasio na hati wasinyimwe shule za umma. Sababu moja ilikuwa kwamba mtoto haadhibiwi kwa tendo la wazazi wake. Mpango wa mwaka 2012 ulisimama juu ya msingi huo huo: vijana hawa hawakuchagua kuvuka mpaka. Basi msingi wa huruma ukiwa ni kutokuwa na kosa, elimu inaongeza nini? Asiyejua kusoma hakuchagua kuvuka, kama vile mwenye shahada hakuchagua. Cheti chaweza kuthibitisha kile mtu anachokijua; hakiwezi kuthibitisha kwamba hastahili kung'olewa katika nchi pekee aijuayo. Kilichokuwa haki ya mtoto kikageuzwa ushahidi wa mtu mzima.

Hata hivyo sharti lisilo la haki halilazimu elimu yenyewe iharibike. Mtu aweza kuingia darasani kwa ajili ya karatasi, akabaki kwa ajili ya maarifa. Sababu ya kufungua mlango si lazima iwe sababu ya kuketi.

Mambo yaliyofuata yaliwajaribu wanafunzi hao. Septemba 2017 serikali ilitangaza kuufuta mpango. Juni 2020 Mahakama Kuu ikautangua ufutaji huo. Julai 2021 jaji mmoja wa Texas akazuia maombi mapya yasikubaliwe, ingawa waliokuwa na hifadhi waliendelea kuihuisha. Aliyekuwa akisoma ili aombe akaukuta mlango umefungwa. Hakuna jaji aliyeweza kumpokonya hesabu alizokwisha kujifunza.

Hiyo ni faraja ya kweli, na mwanafunzi ana haki ya kujifariji nayo. Dola haina haki ya kuifanya udhuru. Kumfunza mtu ni wema. Kumwacha akae nyumbani kwake ni haki, na wema haukuwekwa uwe bei ya haki.