Je, Ni Halali Kutunza Nyumba za Vita?

Mzee mmoja wa usharika hapa Babati aliniuliza: "Mchungaji, walimu wataka kuwapeleka watoto wa kipaimara Arusha, walitazame boma la Wajerumani. Je, ni halali tuwaonyeshe nyumba ya vita? Wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Sikumjibu upesi, kwa maana jambo hili latugusa sisi Walutheri. Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa huko Meru. Ndipo jeshi la Wajerumani na wasaidizi wao wakaja kulipiza kisasi: watu wakauawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa. Kisha watu wa Arusha na Meru wakatumikishwa kwa nguvu kulijenga boma, lililomalizika 1900. Tangu 1987 nyumba hiyo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Basi, majina ya wale wawili twayajua, na ni haki kuyajua. Lakini wale waliouawa kwa ajili yao, na wale waliobeba mawe, ni nani katika sisi awezaye kuwataja?

Wala si Arusha tu. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Afrika Kusini, chini ya Jenerali van Deventer, yalitoka Arusha yakapita nchi hii yetu ya Ufiome, mpaka Kondoa-Irangi. Mvua ikanyesha, njia zikawa matope, farasi wakafa kwa wingi, na chakula kikaja juu ya vichwa vya watu. Yakadiriwa ya kwamba katika vita vile vya Afrika ya Mashariki wapagazi wapata 95,000 walikufa upande wa Waingereza peke yake, wengi wao kwa maradhi na njaa. Lakini sanamu iliyosimamishwa Dar es Salaam 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa katika maandishi tu.

Hapo naona jibu. Kukumbuka si kusifu. Kuna ukumbusho ulishao kiburi, nao humwonyesha mwenye silaha peke yake. Kuna ukumbusho ulishao kisasi, nao huhesabu waliokufa wa upande mmoja. Lakini kuna ukumbusho uletao toba, nao huuliza ni nani aliyeubeba mzigo. Mithali ya wahenga ni njema. Walakini mganga asiyeuliza ugonjwa ulianzia wapi, atagangaje yajayo? Tukilibomoa boma, hatutakuwa tumeiondoa dhambi. Tutakuwa tumemwondoa shahidi. Hata Waisraeli waliyasimamisha mawe ya Gilgali ili watoto waulize maana yake. Jiwe pasipo mtu wa kujibu ni bubu.

Kwa hiyo nilimwambia yule mzee: Wapelekeni. Wakifika, waulizeni watoto, "Ni nani waliobeba mawe haya?" Na mkirudi, kumbukeni ya kuwa mwaifuata njia ya majeshi ya 1916. Ndipo kila mtoto amwulize babu yake: katika ukoo wetu ni nani aliyetwaliwa kuwa mpagazi, naye alirudi? Majina yatakayopatikana tuyaandike katika kitabu cha usharika.

Yule mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi, Mchungaji, anza na jina la baba yangu mkubwa. Yeye hakurudi."