Aliyenunua Sanduku la Samaki Amenunua na Nini?

Leo twataka kuuliza swali dogo ambalo ndani yake mna swali kubwa. Mtu akihama mji, huuza vitu vya nyumba: vitanda, meza, friji, na pengine sanduku la kioo lenye samaki wadogo wa rangi, liitwalo akwariumu. Mwingine anapita, anaona bei ni nafuu, anatoa franka zake, anaita vijana wamsaidie kubeba. Kitanda alichonunua ni chake. Akitaka akilalie, akitaka akivunje kiwe kuni. Je, na samaki ni vivyo hivyo? Tena samaki wale walikuwa wa mtu mwingine. Kama yule wa kwanza aliwatunza vibaya, deni lile ni la nani sasa?

Wengine watacheka na kusema: Samaki? Sisi huwala! Twawajibu bila haya: nasi twawala. Kule Uvira na Kalemie ndagala huanikwa juani kila siku, wala hakuna awaliliaye. Mvuvi hafanyi kosa. Lakini tuangalie vizuri tofauti iliyopo. Samaki wa ziwani hujitafutia chakula, hujificha kati ya mawe, huyakimbia maji mabaya kwenda kwenye maji mazuri. Mvuvi hana deni la kumlisha. Siku anapomvua, maisha yake yamekwisha, naye amekuwa chakula cha watoto. Samaki wa sandukuni amenyang'anywa njia zote za kujisaidia. Maji yakiharibika hana pa kukimbilia. Akisumbuliwa na mwenzake hana pango. Akisahauliwa hawezi kubisha mlango. Ulimwengu wake mzima umo mkononi mwa mtu mmoja. Hapo ndipo wajibu unapozaliwa. Hautoki katika uzuri wa samaki wala katika bei yake, bali katika uwezo ule tuliomnyang'anya. Mbuzi naye ni hivyo: akiwa huru, kiu yake ni shauri lake; ukimfunga kamba, kiu yake imekuwa shauri lako.

Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba mtu anayewatendea wanyama kwa ukatili hujizoeza kuwatendea watu vivyo hivyo, na Kant, yule Mjerumani wa karne ya 18, alipita njia iliyo karibu na hiyo. Maneno yao ni ya kweli, lakini twaona hayatoshi. Kama ubaya wote umo katika moyo wa mtu tu, tumwambie nini yule asiye na chuki hata kidogo, anayewaacha samaki wake wafe kwa uvivu? Mwaka 2003 wataalamu wa Uskoti walionyesha kwamba samaki aitwaye trauti ana neva mdomoni za kusikia maumivu, na kwamba akiumizwa mwenendo wake hubadilika. Wengine wangali wakibishana nao. Basi, wabishane. Mwindaji anayeona majani yakitikisika, asijue kama ni mnyama au mtu, hapigi bunduki kwanza na kuuliza baadaye.

Tena tusidhani kwamba samaki hawa ni vitu vya kigeni. Wengi ni wa nchi yetu. Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufika mita 1,470, lina aina zaidi ya 200 za jamaa ya siklidi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Mbeleji mmoja, Pierre Brichard, aliwapeleka Ulaya kutoka Bujumbura, na kitabu chake kikubwa juu yao kilitoka mwaka 1989. Aina moja wataalamu wameipa jina lake, Neolamprologus brichardi. Katika aina hiyo watoto wakubwa hubaki nyumbani kuwalinda wadogo zao, jambo ambalo wazazi wengi wa mjini wangependa kuliona kwao! Wengine hukaa ndani ya gamba tupu la konokono, na kuzaa humo. Wengine, waitwao Tropheus, hukwangua ukijani juu ya mawe. Ukiwalisha nyama kila siku matumbo yao huvimba, nao hufa. Na kutoka Mto Kongo yuko yule mdogo mwenye mapezi marefu na rangi za upinde wa mvua, aliyezoea maji mepesi ya mto wa msitu, wakati wale wa Tanganyika wataka maji yenye chokaa na magadi. Ukiwakuta wote katika sanduku moja, kwa sababu mwenye kwanza alipenda rangi zao, ujue kwamba kuna anayeteseka hapo, ingawa hapigi kelele.

Hapa twafika penye uzito wa neno. Walimu wa maadili hutenganisha ujinga wa namna mbili. Yupo asiyejua wala hakuweza kujua. Huyo hana kosa. Yupo asiyejua kwa sababu hakuuliza, na nafasi ya kuuliza alikuwa nayo. Huyo ujinga wake haumwondolei hatia. Mnunuzi wa akwariumu ni wa namna gani? Tuangalie jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya maji yale.

Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu kwao. Lakini katika sifongo ya chujio na katika changarawe ya chini wamo vijidudu visivyoonekana, ambavyo huigeuza amonia kuwa nitriti. Nayo nitriti ni sumu. Vijidudu vingine huigeuza kuwa nitrati, yenye madhara madogo zaidi, na hiyo huondolewa kwa kubadili sehemu ya maji. Katika sanduku jipya vijidudu hivyo huchukua majuma manne hadi sita kuwa vingi vya kutosha. Katika sanduku la zamani wamo tayari wafanyakazi hawa, kazini usiku na mchana bila mshahara.

Basi mnunuzi anafika nyumbani. Anaona sifongo ina utelezi na rangi ya matope. Anasema, Loo, watu hawa walikuwa wachafu! Anaisugua kwa sabuni na maji ya bomba yenye klorini, anaianika juani, anaosha changarawe, anamwaga maji yote ya zamani na kutia mapya. Sanduku lang'aa, jirani wanakuja kutazama. Baada ya siku chache samaki wanapanda juu wakihema, kisha wanakufa mmoja mmoja. Yeye anasema: Waliniuzia samaki wagonjwa. Kumbe wafanyakazi amewaua mwenyewe, kwa nia njema na kwa mikono safi. Sifongo ile ilitaka kusuuzwa kidogo tu, katika ndoo ya maji yaliyotoka ndani ya sanduku lenyewe. Kuuliza kungemchukua muda gani?

Lipo jambo gumu kuliko hilo, nalo latujibu swali la deni. Pengine mwenye kwanza aliacha maji bila kuyabadili miezi na miezi. Nitrati imejaa, maji yamekuwa makali, na samaki wamezoea ubaya huo polepole kadiri ulivyozidi. Mnunuzi mwenye huruma ataka kuwaokoa siku ile ile. Akiyabadili maji yote mara moja, atawaua, maana miili yao haiwezi kuruka kutoka hali moja hadi nyingine. Imempasa abadili sehemu ya kumi, angoje siku chache, aangalie wanavyopumua, abadili nyingine, na hivyo hivyo kwa majuma. Masista wa vituo vya lishe wajua jambo hili: mtoto aliyedhoofika kwa njaa hapewi sahani iliyojaa siku ya kwanza.

Kwa hiyo twasema: kosa ni la wa kwanza, lakini deni limekuwa la wa pili. Kwa nini? Kwa sababu samaki hawawezi kumfuata yule aliyehama wamdai. Nalo hulipwa kwa kipimo cha anayelipwa, si kwa haraka ya anayelipa. Mwenye kulipa hupenda amalize leo ili moyo wake utulie, lakini utulivu wa moyo wake sio tunaoutafuta hapa.

Juu ya kuhamisha sanduku hatutasema mengi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo sanduku la lita 200 halibebwi na maji yake, litapasuka. Samaki wawekwe katika ndoo zenye maji yao ya zamani, zikifunikwa. Sifongo isikauke njiani. Siku za kwanza walishwe kidogo sana. Na umeme ukikatika, jambo ambalo msomaji wetu hahitaji kuelezwa, pompi hunyamaza na hewa hupungua majini. Chukua kikombe, uchote maji na kuyamwaga tena kutoka juu, mara nyingi, wala usiwalishe mpaka umeme urudi.

Na fedha je? Hatumsifu mtu ambaye samaki wake wanakula huku watoto wake wamefukuzwa shuleni kwa kukosa karo. Watoto ni wa kwanza. Lakini wajibu wa kwanza haumpi ruhusa ya kuutupa wa pili shimoni. Asiyeweza kuwatunza samaki, asiwanunue. Na kama amekwisha kuwanunua, awatafutie mtunzaji mwingine, kwa mfano shule yenye mwalimu wa viumbe apendaye kazi yake. Asiwamwage mtoni akidhani anawapa uhuru. Wote tunalijua lile gugu la maji lenye maua ya zambarau, asili yake Amerika ya Kusini, lililopendwa kwa uzuri wake. Katika miaka ya 1950 lilienea juu ya Mto Kongo na kuzuia mitumbwi na meli. Samaki wa mbali naye aweza kuwala au kuwafukuza wale aliowakuta.

Na anayeuza awe mkweli. Aliyeuza baiskeli huku akificha ufa wa fremu amemwibia mwenzake, na hapa anayeumizwa ni mnunuzi pamoja na samaki. Aandike karatasi: majina ya samaki, chakula chao, siku maji yalipobadilishwa mara ya mwisho, yupi amekuwa mgonjwa na lini, kisha ampe mnunuzi mkononi kabla ya kupokea fedha, maana siku ya kuhama watu husahau mengi.