Pori la Kupangwa

Hebu tuulizane: kitu kikipangwa kifanane na pori, ni pori? Waholanzi hawajifichi. Tangi lao la kioo hupandwa mimea safusafu kama bustani ya mjini, kazi ya mkasi ikionekana wazi. Mjapani Takashi Amano (1954–2015) alitaka mkono wa mtu usionekane. Katika mtindo wake wa iwagumi mawe huwekwa witiri, matatu au matano, moja kubwa likitawala, na chini majani mafupi kama mbuga. Kumbe kaboni dioksaidi inapulizwa humo, majani yanapunguzwa, maji yanabadilishwa. Eti maumbile!

Mie uongo huo naupenda, sikatai. Kinachonikera ni uduvi. Amano ndiye aliyewapa umaarufu kwa kuwa wanakula mwani, hata wakaitwa kwa jina lake. Wanasafisha usiku na mchana. Lakini mabuu yao hayakui pasipo maji ya chumvi. Jike anabeba mayai, yanaanguliwa, na watoto wanafia mlemle kwenye pepo anayoifagia mama yao. Wengine wananunuliwa dukani, na mandhari inabaki vilevile, safi, ya kupigwa picha.