Cheti Hakishiki Ukuta

Kuna fundi mmoja jirani yetu hapa Kalobeyei. Alijenga nyumba miaka ishirini kule Kivu kabla ya kukimbia. Hana cheti. Kampuni yenye cheti ikipata tenda, yeye ndiye anaitwa, analipwa kwa siku. Nyumba ikisimama vizuri, sifa ni za kampuni. Ikipasuka, tunasikia "hawa mafundi wa kambi hawajasoma." Sasa mi nauliza: cheti kinamlinda nani?

Cheti chenyewe si adui. Kenya, mkandarasi lazima asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na kampuni zimepangwa madaraja 1 hadi 8. Fundi naye anaweza kufanya mtihani wa NITA, kuanzia gredi ya 3 akipanda mpaka ya 1. Sababu yake naielewa. Ukuta ukishapigwa plasta, mwenye nyumba haoni ndani. Anahitaji mtu wa kumwambia, "mimi nilikagua."

Lakini tukumbuke Huruma, Nairobi, Aprili 2016. Ghorofa ilianguka usiku wa mvua, zaidi ya watu 40 wakafa. Ilikuwa imeshawekewa alama ya kubomolewa! Aliyekagua alishasema. Aliyetakiwa kulifanyia kazi neno lake ndiye hakuonekana.

Siku hizi kuna vyeti vya kijani pia. Kile cha EDGE, cha shirika la IFC la Benki ya Dunia, kinataka nyumba ipunguze angalau 20% ya nishati, ya maji, na ya kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vyake. Kwa maisha yetu hapa, ni kama tofali la udongo na saruji kidogo, lile la kushindiliwa kwa mashine. Halichomwi, kwa hiyo halili kuni, na kuni hapa zinatugombanisha na wenyeji. Ila linataka kumwagiwa maji wiki nzima au zaidi, la sivyo linamomonyoka. Na maji ni dumu la foleni.

Hapo ndipo swali lenyewe lilipo. Siku ya tano hakuna anayekuangalia. Ukimwagia au usipomwagia, plasta itafunika yote. Yule fundi nilimuona alfajiri akifunika matofali kwa magunia yaliyoloa na nailoni juu, ili maji kidogo yatoshe. Hakuna fomu iliyomuuliza hilo.

Rafiki yangu alinijibu, "basi mzee afanye mtihani." Ni kweli. Miaka ishirini peke yake si ushahidi. Mtu anaweza kurudia kosa moja miaka ishirini. Lakini mtihani una ada, na siku ya mtihani ni siku bila posho. Kampuni inayotumia mkono wake kila tenda na haimlipii hata ada, hiyo inakula mbegu. Mzee akichoka, itajenga na nani?

Kwangu mimi, cheti ni ahadi, na ahadi lazima iwe na mwenyewe. Ndugu zetu wa mashirika, mkipokea nyumba, andikeni jina la kampuni na la fundi pia. Ukuta ukipasuka, tujue milango yote miwili ya kugonga. Nilimuuliza mzee kama angekubali. Akasema, "Waandike. Lakini waandike na zile zilizosimama."