Unamlalamikia Profesa Mpaka Lini?

Sema ukweli. Ukisikia jina lake tu, tumbo linakucheza.

Yule profesa wa uchumi. Yule ambaye ulipofika mwaka wa kwanza, kabla hujajua hata maktaba iko upande gani, waliokutangulia walishakuonya: yule bwana anakamata, yule bwana hana huruma, mwaka jana nusu ya darasa walikula sapu, tafuta kozi nyingine. Maoni juu yake hayanunuliwi. Yapo kantini, yapo hosteli, yapo kwenye foleni ya kusaini boom. Anauliza yasiyo kwenye kitini. Anataka mchoro, kisha anataka uueleze mchoro. Unajibu, anakwambia hilo si jibu.

Na wewe umeyameza yote bila kutafuna.

Hebu nikuulize. Kati ya hao waliokupa maoni, wangapi walisoma sura ya kesho kabla kesho haijafika? Wangapi waligonga mlango wa ofisi yake hata siku moja? Wangapi walikaa na swali moja, simu imezimwa, mpaka swali likasalimu amri?

Unawajua. Na wewe unajijua.

Twende Chicago. Mwaka ni 1932. Marekani iko chini ya Mdororo Mkuu. Benki zinafungwa, viwanda vinasimama, na kufikia mwaka uliofuata karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hana kazi. Ukitafuta kisingizio cha kutosoma, mwaka ule vilikuwa vinagawiwa barabarani. Katika Chuo Kikuu cha Chicago kuna kozi ya nadharia ya bei, Economics 301, na anayeifundisha ni Jacob Viner, mzaliwa wa Montreal, mtoto wa wahamiaji waliotoka Romania. Anaita majina. Mmoja mmoja, papo kwa papo, mbele ya wote. Ukikwama, umekwama mbele ya wote. Paul Samuelson, aliyepita mikononi mwake miaka michache baadaye, alisimulia sheria ya chumba kile: ukishindwa mara tatu, toka. Rufaa hakuna.

Na wewe unamwita wa kwako mkali?

Wa kwako ana sapu. Viner alikuwa na mlango.

Sasa sikiliza maoni ya mwanafunzi wake mmoja. Kijana wa miaka 20, anaitwa Milton Friedman. Wazazi wake wahamiaji, wenye kiduka kidogo huko New Jersey. Baba amefariki kijana akiwa na miaka 15. Anahudumia meza mgahawani ili apate chakula. Huyu ndiye aliyeingia kwenye chumba cha Viner. Je, alitoka akisema ameonewa? Uzeeni alipokuja kuandika maisha yake, alilitaja darasa lile kuwa lililomfumbua macho kuliko jingine lolote. Kabla ya pale uchumi ulikuwa vipande vipande kichwani mwake. Mtu mkali mmoja, kwa maswali yasiyokoma, akamwonyesha kwamba vipande vile vinaungana.

Viner alikuwa akiwapanga wanafunzi kwa alfabeti ili akariri majina yao. Kwa hiyo Friedman akajikuta pembeni ya msichana anayeitwa Rose Director. Walioana mwaka 1938 na wakaandika vitabu pamoja. (Wewe unayekwepa lekcha, hujui hata unakosa nini.)

Friedman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1976. Samuelson alikuwa ameshaipata tangu 1970. Na hawa wawili, fahamu, hawakukubaliana. Kodi, matumizi ya serikali, fedha, soko: kwa miaka mingi mmoja akisema hivi mwenzake anasema vile, hadharani, kwenye kurasa za jarida lilelile. Lakini wote wawili walikalia viti vya chumba kile, na wote wawili walikiandika kwa heshima.

Unadhani walizaliwa hawaogopi?

Waliogopa! Tofauti yenu ni kwamba wao waliogopa huku wanasoma. Wewe unaogopa huku unalalamika.

Mbele kidogo. Mwaka 1951 Friedman sasa ndiye profesa, palepale Chicago, na sasa yeye ndiye anayesemwa kwenye korido. Anaingia kijana Gary Becker, ametoka Princeton, ambako alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Siku za mwanzo tu, Friedman anauliza swali, Becker anainua mkono, anajibu kwa kujiamini. Friedman anamwambia hilo si jibu. Amelirudia swali lilelile kwa maneno mengine.

Mbele ya darasa zima.

Becker akakaa chini, uso umemshuka. Wewe ungefanya nini? Usinidanganye. Ungerudi hosteli ukasema, “Yule mzee ana chuki na mimi.” Jioni lingeshajaa kundi la kukupa pole, na pole ni tamu, na pole haijawahi kumfaulisha mtu. Becker alikiri baadaye kwamba aliumia, lakini alijua profesa amesema kweli. Akaona ana kazi ya kuujifunza uchumi upya, toka chini. Akaujifunza. Nobel yake ni ya 1992.

Aibu moja, ikatumika vizuri. Wewe za kwako umezitumia wapi?

Nakusikia. Unasema, “Hao ni watu wa vichwa vikubwa, mimi ni wa kawaida.” Nani kakupima? Lini? Kwa kipimo gani? Hujawahi kukipa kichwa chako kazi ngumu kwa wiki mbili mfululizo, halafu unatoa hukumu kuhusu uwezo wake? Kichwa chako kimelala. Kimelala kwa sababu tangu sekondari umekilisha madesa ya wenzako na majibu ya mitihani iliyopita, ukakariri, ukamwaga, ukasahau. Ndiyo maana profesa akiligeuza swali kidogo tu unapotea. Huyo mtu hakuonei. Anagonga mlango wa chumba ambacho wewe mwenyewe hujawahi kukifungua.

Fungua!

Na usidhani nakutuma ukamsujudie. Sikiliza habari ya Wong, kwa sababu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Viner alikuwa anaandaa makala kuhusu gharama za uzalishaji, iliyotoka mwaka 1931. Ilihitaji michoro, na mchoraji wake alikuwa mwanahisabati mmoja Mchina, Y. K. Wong. Unaijua ile mikunjo yenye umbo la herufi U: kiwanda cha ukubwa fulani, gharama kwa kila bidhaa inashuka, inafika kitako, inapanda. Kila ukubwa wa kiwanda una U yake. Viner akaagiza uchorwe mkunjo mmoja mrefu wa kipindi kirefu, upite chini ya U zote bila kupanda juu ya hata moja, na papo hapo uguse kila U kwenye kitako chake.

Wong akasema haichoreki.

Fikiria. Mbele yako ni Viner. Mtu ambaye wanafunzi wanatetemeka akishika orodha ya majina. Wewe ni mchoraji tu. Ungesemaje? “Sawa, profesa,” ungesema, halafu ungechora upuuzi, halafu usiku ungemsengenya.

Wong hakutikisika. Alikuwa ameifanya hesabu, na hesabu haiogopi cheo. Makala ikatoka na mchoro wenye kasoro, mkunjo mrefu umepita kwenye vitako na hapohapo umezikata U, na Viner mwenyewe akaeleza kwenye tanbihi kwamba mchoraji wake alimpinga. Wong alikuwa sahihi. Ukitaka kujua kwa nini, chukua mashine ya kusaga unga. Iendeshe mpaka pale ambapo kilo moja inakugharimu kidogo kabisa kwa mashine hiyo. Kama bado unaokoa kwa kuwa na mashine kubwa zaidi, basi mashine iliyoizidi kidogo, hata bila kuijaza kazi, itasaga kilo zilezile kwa gharama ndogo kuliko hiyo yako. Kwa hiyo kitako cha mashine ndogo si pa kupitia. Mkunjo mrefu unaigusa ile U kabla haijafika kitako. Umeelewa? Kama hujaelewa, chukua karatasi uchore. Sasa hivi. Gazeti hili litakusubiri.

Na hapa ndipo unapomjua mwalimu. Makala ilipochapishwa tena mwaka 1950, Viner aliuacha mchoro ule ulivyo. Akaandika kwa utani kwamba kosa limebaki ili walimu na wanafunzi wa baadaye nao wapate raha ya kulionyesha, kama wengi walivyokwisha kuipata.

Unaliona hilo? Mtu aliyeogopwa kuliko wote aliliacha kosa lake mezani ili wewe umkosoe! Mimi nasema hicho ndicho anachokitaka kila mwalimu mgumu aliye wa kweli. Anataka siku moja umwambie, “Hapana, profesa, hapa haiwezekani,” na uwe na karatasi yenye hesabu mkononi. Mbona humpi? Mbona unampa ukimya, halafu unampa maneno nyuma ya mgongo wake?

Sitatetea kila kitu. Ile sheria ya mara tatu utoke mimi siipendi. Nani ajuaye iliwatoa akina nani waliohitaji wiki mbili tu zaidi. Na wapo wahadhiri ambao ukali wao ni uvivu uliovaa tai: haji darasani, kitini chake kina umri mkubwa kuliko wewe, matokeo anayatoa bila kurudisha karatasi, akikamata watu ndipo anajiona mrefu. Huyo andikia barua, pitia serikali ya wanafunzi, fika kwa mkuu wa idara, usimnyamazie. Lakini wa kwako ndiye huyo? Kweli? Ulikwenda ofisini akakufukuza? Karatasi yako haikurudi na wino mwekundu mpaka pembeni? Wino ule ni muda wake. Mtu asiyekuamini hapotezi wino.

Wiki ya kwanza kabisa alikufundisha gharama ya fursa. Ukaandika: gharama ya kitu ni kile kilicho bora zaidi ulichokiacha ili ukipate. Ukapata alama zote. Haya, jana usiku ulikuwa na simu mkononi kwa saa tatu. Uliacha nini?

Jibu.

Uliacha sura mbili. Uliacha mazoezi kumi. Uliacha kulielewa lile somo la unyumbufu wa mahitaji ambalo lingekufanya uone kwa nini mavuno yakijaa nchi nzima mkulima anaweza kuvuna magunia mengi na bado akarudi nyumbani na fedha kidogo. Baba yako huenda ni huyo mkulima. Ametoa ng'ombe, ametoa shamba, wewe uko hapa, na maelezo ya umaskini wake yako kwenye sura ya nne ambayo hujaifungua!

Inatosha.

Muhula haukusubiri. Jaribio la kwanza linakuja, la pili linalifuata, kisha mtihani wa mwisho, kisha siku moja unaamka umevaa joho na hakuna tena mtu anayekuuliza swali gumu bila kukukata mshahara. Mtaani hakuna sapu. Mteja hasahihishi kazi yako kwa wino mwekundu. Anakwenda kwa mwingine. Leo kuna mtu anayelipwa ili akuulize maswali magumu, mara mbili kwa wiki, na wewe unamkimbia?

Acha kumkimbia. Acha “nitaanza Jumatatu.” Acha kukaa nyuma karibu na mlango kama abiria anayeshuka kituo kinachofuata. Acha kupiga chabo kwa mtu ambaye naye kapiga chabo kwa mwingine. Acha kuuliza “hii itatoka kwenye mtihani?” Anza kuuliza kwa nini, na likikushinda uliza tena, na likikushinda tena usilale.

Utakosea. Nakuahidi utakosea. Atakwambia hilo si jibu, na masikio yatawaka moto, na watu wa nyuma watacheka. Wacheke! Hao hawajajibu chochote. Wewe utaandika alichokwambia, utakwenda maktaba, utachora tena, utarudi Alhamisi na mkono juu.

Kesho saa mbili asubuhi ana lekcha. Leo usiku soma sura anayoifundisha, chora michoro yake yote bila kuangalia kitabu, andika swali moja ambalo umelihangaikia likakushinda. Fika mapema. Kaa mbele. Akiuliza, inua mkono wa kwanza, na akimaliza mfuate ofisini na swali lako.